Treni ya Chama: mmesifu milima, mmewasahau wenye mikono myeusi

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya utalii kuhusu ile treni ya mvuke inayopanda milima kati ya Chama, New Mexico na Antonito, Colorado, ile inaitwa Cumbres & Toltec, na kwanza niseme nimefurahi kuona gazeti la Kiswahili linagusa habari kama hii maana ukitusikiliza sisi utadhani Marekani ni New York na Los Angeles basi imeisha. Picha nzuri, moshi upo, miti ya njano ipo, korongo lipo. Lakini jamani, mtu akimaliza kuisoma anabaki anadhani hii reli imejitunza yenyewe, yaani imekaa mlimani tangu enzi hizo ikisubiri watalii waje na simu zao. Watu waliohangaika mpaka ikabaki hamjawataja hata mstari mmoja. Halafu mkaandika ni mali ya kampuni ya utalii. Hapo ndo nimeona siwezi kunyamaza.

Reli yenyewe ilijengwa 1880 na Denver & Rio Grande, kampuni iliyoanzishwa na Jenerali William Jackson Palmer, na wakati huo mandhari haikuwa kwenye akili ya mtu. Walikuwa wanafuata madini ya fedha kule milima ya San Juan, njia ikatoka Alamosa ikapita Antonito, ikavuka mlima pale Cumbres, ikashuka Chama, ikafika Durango 1881 na Silverton 1882. Palmer alichagua reli nyembamba, futi 3 kati ya chuma na chuma, karibu sentimita 91, wakati reli ya kawaida kule ni karibu sentimita 143. Wengi wanasema ni ubahili. Ubahili ulikuwepo sikatai, lakini kwenye milima reli nyembamba inapiga kona kali ambazo treni kubwa haiwezi, kwa hiyo badala ya kuupasua mlima unaufuata tu ubavu wake, bonde likiingia ndani na reli inaingia, likitoka na reli inatoka. Ndo maana kwenye kilomita zote 103 za Chama hadi Antonito kuna mahandaki mawili tu, na ndo maana reli inavuka mpaka wa majimbo hayo mawili mara 11, abiria ukiwa umekaa kwenye kiti unakuwa Colorado, kidogo New Mexico, tena Colorado, na wala huna habari.

Fedha yenyewe haikudumu. Bei ilianguka vibaya 1893 na migodi mingi ikafa, sasa reli ikabaki inaishi kwa kuokoteza, leo mbao, kesho kondoo na ng'ombe, mafuta ghafi ya kisima cha Gramps karibu na Chama yakipelekwa kusafishwa Alamosa, halafu miaka ya 1950 mabomba ya visima vya mafuta na gesi kule Farmington. Treni ya abiria iliyoitwa San Juan ilifutwa Januari 1951. Mizigo ikaendelea kusuasua mpaka 1968.

Na hapa kuna kitu mimi huwa nakifurahia sana, umaskini wa njia hii ndo uliyoihifadhi. Kampuni haikuona faida ya kuweka dizeli kwenye njia inayokufa, haikuona faida ya kujenga stesheni mpya wala matangi mapya ya maji, kwa hiyo vitu vya zamani vikaendelea kufanya kazi kwa sababu hakuna aliyetaka kutoa hela ya kuvibadilisha. Ukifika Chama leo unakuta mnara wa mbao wa kupakilia makaa ya mawe, tangi la maji, kipande cha karakana ya zamani, mabehewa ya kubebea mifugo, vyote palepale vilipokuwa. Hawakuvileta kwa lori kutoka sehemu nyingine kuja kupanga maonyesho.

Sasa 1969 kampuni ikapata kibali cha kuiua njia ya Antonito mpaka Durango. Kufungwa kwenyewe hakukuwa kitisho cha maneno maana kipande cha kati, kutoka Chama kwenda Durango, kweli kiling'olewa, leo hakuna reli pale. Ndo maana siku hizi hizi njia mbili maarufu, hii ya Cumbres na ile ya Durango kwenda Silverton, watu wanadhani ni reli mbili tofauti, kumbe ni ncha mbili za njia moja iliyokatwa tumbo. Vichwa vyake vya treni pia ni ndugu. Mwaka 1925 kiwanda cha Baldwin kilitengeneza vichwa 10 vya aina inayoitwa K-36, namba 480 mpaka 489, na hadi leo vimebaki 9, vitano viko Cumbres na vinne viko Durango. Kilichokosekana ni 485, kilitumbukia kwenye shimo la meza ya kugeuzia vichwa kule Salida kikaishia kuwa chuma chakavu. Hata waliwahi kubadilishana, 1991 namba 482 ikaenda Durango na 497, ambayo ni ya aina nyingine, ikaja Chama.

Wananchi wa pale, wapenda reli na wanasiasa wachache wenye akili wakapiga kelele, na 1970 majimbo ya Colorado na New Mexico yakaungana yakanunua njia, vichwa 9, mabehewa zaidi ya 130, yadi ya Chama na majengo yake, vyote kwa dola 547,120. Hebu isome tena hiyo hesabu mhariri. Njia ya kilomita 103 juu ya milima na treni zake. Treni za watalii zikaanza mwaka uliofuata, na 1974 Bunge la Marekani likaridhia mkataba wa majimbo hayo mawili kumiliki reli pamoja, kuna tume yenye wajumbe wawili kutoka kila jimbo. Sio jambo dogo hilo, majimbo mawili yenye serikali mbili, bajeti mbili na wanasiasa wanaobadilika kila uchaguzi, na bado wamekaa meza moja zaidi ya miaka 50 kwa ajili ya reli isiyompeleka mtu kazini. Mwaka 2012 ikapewa hadhi ya alama ya kitaifa ya kihistoria.

Kununua ilikuwa sehemu rahisi. Kuna watu wanadhani kichwa cha mvuke kikishanunuliwa na kupakwa rangi kimehifadhiwa. Kichwa cha mvuke ukikiacha kinaoza, na ukikitumia kinalika, chagua mwenyewe. Boila ni chombo kilichojaa mabomba, moto unapita ndani ya mabomba na maji yamezunguka nje yake, presha kwenye hizi K-36 ni kama paundi 195 kwa inchi ya mraba, na kila mara unapolipasha na kulipoza chuma kinatanuka na kusinyaa. Maji ya huko yana madini, yanaacha ukoko ndani. Kwa hiyo kila baada ya siku 31 za kazi boila linafunguliwa na kuoshwa na kukaguliwa, na sheria ya shirikisho inasema likifikisha siku 1,472 za kazi au miaka 15, chochote kitakachotangulia, linavuliwa kila kitu, mabomba yote yanatolewa, chuma kinapimwa unene sehemu baada ya sehemu, ndo lianze kuhesabu upya. Kazi hiyo inakula miezi mingi na hela nyingi na zaidi ya yote inataka fundi anayejua. Na spea hakuna dukani. Bolti ikiisha unatengeneza, bushi ikiisha unamimina na kuchonga mwenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ni nini kimehifadhiwa pale Chama mimi simtajii kichwa wala behewa, namtajia kijana aliyesimama na koleo nyuma ya mlango wa tanuru. Kuchochea makaa sio kumwaga tu jamani. Unatupa kidogo, unatupa mahali palipopungua, unaangalia rangi ya moshi, unaangalia maji kwenye kioo, na unafanya yote hayo sakafu ikiwa inaruka chini ya miguu yako na dereva anataka mvuke zaidi kwa sababu mlima unakuja. Makaa yakizidi moto unakabwa, yakipungua presha inashuka na treni inasimama mlimani. Huwezi kujifunza hiyo kwenye kichwa kilichosimama ndani ya jumba la makumbusho na kamba nyekundu mbele yake, na mzee anayejua akifa bila kumfundisha mtu basi imekwenda hiyo.

Kuna kikundi kinaitwa Friends of the Cumbres & Toltec kilianzishwa 1988, na hawa ndo nilitegemea mngewatafuta. Ni watu wa kujitolea, wengine wastaafu, wengine wanachukua likizo zao kazini, wanakuja kiangazi wanapiga kambi ya kazi, wanabadilisha mbao zilizooza kwenye mabehewa ya ng'ombe, wanapaka rangi, wanaandika upya namba na maandishi kama yalivyokuwa, wanasimamisha nguzo za maili. Wengine wanapanda treni na abiria kuwaeleza wanachokiona dirishani. Hawalipwi, tena wao ndo wanalipa ada ya uanachama. Najua wengine wetu tutacheka, eti mtu anatoa hela yake aende akakwangue kutu. Acha tu wacheke. Bila hao yale mabehewa ya mizigo yangekuwa kuni zamani sana, maana tiketi za abiria zinasaidia treni kutembea lakini behewa la kondoo halimwingizii mtu senti.

Na kuna vichwa vingine vilivyorudishwa kwa namna ambayo ingewapa ninyi waandishi habari tamu kuliko rangi ya majani. Namba 463 ni ya 1903, aina ya K-27, iliwahi kumilikiwa na Gene Autry yule mwigizaji wa filamu za kauboi, akaipa mji wa Antonito, ikafufuliwa 1994, ikachoka, ikafufuliwa tena 2013. Namba 168 ni ya 1883, kichwa chembamba cha abiria cha magurudumu makubwa, kilisimama kwenye bustani Colorado Springs miaka na miaka kikinyeshewa na mvua, na leo kinatembea kwa moshi wake chenyewe. Sasa niambieni, kitu kimesimama bustanini watoto wanakipanda, anatokea mtu anasema hiki kitatembea tena, na kweli kinatembea! Hiyo ndo stori.

Halafu msije mkadhani kila kitu ni furaha. Juni 2010 daraja la Lobato, lile refu la chuma lenye urefu wa kwenda juu kama mita 30 hivi, jirani na Chama, liliungua, mbao za juu zikateketea na joto likaharibu chuma. Njia ikakatika karibu kabisa na yadi kuu. Msimu huo wakawa wanaendesha treni upande wa Antonito tu, na daraja likatengenezwa likafunguliwa tena msimu uliofuata. Reli nyingi ndogo zingekufa pale pale.

Suala la moto ni la kweli na sitaki kulikwepa kwa sababu kuna wasomaji watauliza, hivi karne hii bado tunachoma makaa ya mawe kwa ajili ya starehe? Ni swali zuri. Kichwa cha makaa kinatema cheche, na nchi ile kiangazi inakauka mpaka nyasi zinalia ukikanyaga. Ndo maana nyuma ya treni huwa kunafuata kigari kidogo cha reli chenye watu wa kuzima moto wanaokagua njia. Kule kwa ndugu zao wa Durango, moto mkubwa wa Juni 2018 uliunguza zaidi ya ekari 54,000, serikali ya shirikisho ikadai treni ndo ilianzisha, na kesi ikaisha kwa makubaliano 2022. Baada ya moto huo wale wa Durango wakaanza kugeuza vichwa vyao vichome mafuta badala ya makaa. Wapenda reli wengi walinuna, eti harufu sio ileile, mchochezi hana tena koleo. Mimi pamoja na hayo yote niliyosema hapo juu kuhusu koleo bado nasema, ikifika mahali uchague kati ya makaa na msitu, weka mafuta. Mvuke ni uleule, boila ni lilelile, fundi ni yuleyule, na treni isiyoruhusiwa kutoka kwa sababu ya ukame haimfundishi mtu chochote. Ila wabaki na kimoja au viwili vya makaa kwa msimu wa mvua, ujuzi usipotee. Huo ni mtazamo wangu, najua kuna watakaonirukia.

Kwa wale ambao makala yenu imewatia hamu ya kwenda, hapo pia niongeze maana mlichoandika ni "safari ya kupendeza ya kutwa" basi. Mkiweza pandeni upande wa Chama. Kutoka Antonito njia inapanda pole pole, mwinuko haufiki asilimia moja na nusu, lakini kutoka Chama ni asilimia 4, kila mita 100 unapanda mita 4, kwa gari hiyo sio kitu ila kwa gurudumu la chuma juu ya chuma ni kazi kwelikweli, na inaenda hivyo kama kilomita 22 mpaka kileleni Cumbres, mita 3,053 juu ya bahari. Hapo ndo utasikia kichwa kinavyopumua. Enzi za mizigo treni ilikuwa inahitaji vichwa viwili kupanda hapo, na mpaka leo treni ikiwa ndefu wanaongeza cha pili. Kuna behewa la wazi, nendeni msimame huko hata kama mmelipia kiti kizuri, ila vaeni miwani kwa sababu chembe za makaa zinaruka, na msivae nguo nyeupe, mtanikumbuka. Koti pia, hata Julai, kule juu baridi haina adabu na hewa ni nyepesi kwa hiyo usikimbie kimbie kupiga picha.

Ukishuka upande wa pili unapita daraja la Cascade, mita 42 kwenda chini, treni inatembea taratibu sana hapo na watu wote wananyamaza ghafla. Mchana treni ya Chama na treni ya Antonito zinakutana Osier, mahali ambapo hakuna mji wala nini, na kila mtu anashuka kula, chakula kimo kwenye tiketi. Halafu korongo la Toltec, handaki la mwamba, na karibu na handaki hilo kuna mnara mdogo wa jiwe wa kumkumbuka Rais James Garfield, maana tarehe 26 Septemba 1881 mawakala wa reli waliokuwa safarini walisimama hapo kufanya ibada yake baada ya kuuawa. Mnara upo ukingoni mwa korongo, wengi wanaupita wakiwa wanatazama upande mwingine.

Kwa anayetoka Antonito kwenda Chama, angalieni pale Cumbres kabla ya kushuka. Mfanyakazi anashuka anapita behewa moja moja akigeuza kivalvu kidogo kwa mkono. Kile kinazuia hewa ya breki isitoke yote dereva anapojaza tena mfumo, kwa hiyo breki zinabaki zimeshika kidogo muda wote wa kushuka. Bila hiyo treni nzima inakutegemea wewe dereva na bahati yako kwenye mteremko wa asilimia 4. Wakifika chini mtasikia harufu ya chuma cha moto.

Na theluji nimeisahau. Reli haina safari zake za kawaida majira ya baridi lakini wana ile mitambo miwili ya kusafisha theluji, OM ya 1889 na OY ya 1923, mbele ina mapanga makubwa yanayozunguka kama feni yakiitupa theluji mbali kabisa pembeni, na inaendeshwa na boila lake yenyewe huku vichwa vingine vikiisukuma kwa nyuma maana haijisukumi. OY waliitoa mwaka 2020 na watu wakasafiri kutoka nchi za mbali kuja kusimama kwenye baridi kuitazama tu.

Mhariri, mkirudi kuandika tena habari za pale msikae ndani ya treni tu. Yadi ya Chama iko wazi, mtu anaruhusiwa kutembea akaangalia, nendeni asubuhi kabla treni haijatoka mkawakute wanapaka grisi na kugonga majivu, waombeni wawaelezee, watu wa reli wakianza kuongea ni wewe utakayetafuta pa kukimbilia. Na ile sentensi ya kwamba reli ni mali ya kampuni ya utalii naomba mwirekebishe toleo lijalo, wenye mali ni walipa kodi wa Colorado na New Mexico tangu 1970.

Ni mimi msomaji wenu.